Anataka nimwachie picha zote. Nisaini?

Jambo sana yaya, dada yangu mkubwa,

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na mama yangu na mtoto wangu wa kiume. Kazi inayotulisha ni kupiga video za harusi na za kilio. Mara moja moja nakuwa fiksa wa waandishi wanaotoka nje kufuata habari za kobalti: nawatafutia gari, nawatafsiria, nawatangulia kwa chifu wa mtaa. Wakipanda ndege nabaki na bahasha na ahsante.

Lakini kazi ninayoiita yangu ni nyingine. Kwa muda mrefu sasa, siku yoyote isiyo na harusi naenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu anayefua shaba. Ni mmoja wa wale wanaotengeneza picha za shaba za kutundika ukutani: twiga, mtumbwi, mama anayetwanga. Anakata kipande cha bati la shaba, anachora kwa msumari, analigeuza juu ya mfuko wa mchanga, kisha anaanza kugonga kwa upande wa nyuma, kidogo kidogo, mpaka uso wa mtu unainuka. Masikio yake yameshaharibiwa na nyundo. Ukitaka akusikie lazima usimame mbele yake asome midomo yako. Mjukuu wake wa kike ndiye anayejifunza kazi, ingawa zamani mzee alikuwa anasema nyundo si kitu cha msichana. Yaya, malori yamebeba shaba yanapita usiku na mchana kwenda mpakani Kasumbalesa, na mzee huyu anaweza kukaa wiki mbili bila kazi kwa sababu amekosa bati. Hiyo ndiyo filamu yangu.

Sasa mambo mawili yamenijia pamoja. La kwanza: mtayarishaji mmoja wa Ulaya, niliyewahi kumfanyia ufiksa, aliona vipande vya picha zangu. Anasema ni nzuri sana ila mzee peke yake hauziki. Anataka niende Kolwezi nipige watoto kwenye mashimo ya kobalti, halafu mzee aingie kama picha za kupumzisha macho. Amenitumia mkataba wa kurasa 9 wa Kifaransa. Atanipa dola 1,500 nikisaini na kumkabidhi diski nzima. Ukurasa wa nne unasema haki zote ni zake, kwa njia zote, dunia nzima, kwa muda wote ambao sheria inazilinda. Jina langu litatokea mwishoni kama mpiga picha wa hapa.

La pili: shirika moja la misaada linanipa kazi ya mawasiliano, dola 700 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja. Humo nako kuna mstari unaosema picha yoyote nitakayopiga wakati wa mkataba ni mali ya shirika.

Mama anauliza, "Mwanangu, bukari (ugali) tutakula na picha?" Kaka yangu anasema nisaini vyote viwili, nichukue franga, filamu nitafanya nikizeeka. Niliomba mfuko mmoja wa ruzuku wa nje, wakanijibu kwa mistari miwili kwamba hawakunichagua. Kamera imechoka. Diski yenye picha zote ni moja tu. Halafu juzi mzee mwenyewe aliniuliza, "Na mimi nitapata nini katika hii filamu?" Nilikosa la kujibu.

Wenzangu wanaofanya filamu za namna hii wanaishi na nini? Nifanye nini?

Dada wa Katuba

*

Mdogo wangu wa Katuba,

Karatasi ya mtayarishaji usiisaini. Ya shirika unaweza kuisaini, ila ule mstari mmoja ubadilishwe kwanza. Mikataba hii miwili inaonekana kama mambo mawili tofauti, mmoja wa filamu na mwingine wa mshahara, lakini swali lililomo ni moja: nani atakuwa mwenye picha zako? Ukilijibu hilo vizuri, mengi ya uliyoniuliza yatapata njia.

Tuanze na zile dola 1,500. Wewe unahesabu bei ya diski. Yeye ananunua filamu yote. Filamu ya hati, ile ya watu na mambo ya kweli, haiandikwi kwanza ikapigwa picha baadaye kama mchezo wa kuigiza; inazaliwa kwenye meza ya montaji, pale picha zinapokatwa na kuunganishwa, kutoka kwenye picha ghafi, zile tunazoziita rashi. Aliye na rashi ndiye anayeamua mzee ni nani: fundi wa kuheshimiwa, au maskini wa kuhurumiwa kabla ya kurudi kwenye mashimo. Mfano uko karibu. Mwaka 2020 mwongozaji wa Uholanzi, Joris Postema, alitoa filamu aliyoipiga Goma, *Stop Filming Us*, juu ya namna watu wa nje wanavyoipiga picha Kongo. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa, Wakongo wawili, walichukua picha za kazi ileile wakatengeneza filamu yao ya kumjibu. Mji uleule, rashi za kazi ileile, na filamu nyingine kabisa. Waliweza kwa sababu walipewa picha hizo wazitumie. Wewe katika mkataba huu hupewi kitu. Siku ukitaka hata dakika mbili za mzee wako za kuombea mfuko mwingine, itabidi umwombe ruhusa mtu aliye Ulaya, na ana haki ya kutokujibu.

Kisha jina. "Mpiga picha wa hapa" si neno dogo. Mifuko na matamasha yanapoangalia faili lako yanauliza kitu kimoja kabla ya vingine: umeongoza nini? Ukiwa umetoa miaka yako bora ya kazi na jina lako halimo kama mwongozaji, mbele yao unaanza na ukurasa mtupu. Wako wapigapicha wazuri sana katika nchi hii ambao kazi yao imezunguka dunia, na hakuna mahali walipoandikwa.

Sheria yetu yenyewe haikutupi. Amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za mtunzi, inatenganisha mambo mawili. Haki ya kunufaika na kazi unaweza kuiuza au kuikodisha. Haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kuzuia kazi yako isiharibiwe, inabaki na wewe hata ukisaini. Sikuambii hivyo ili usaini halafu uende mahakamani. Kesi ya dada wa Katuba dhidi ya kampuni ya ng'ambo itakula franga zako na afya yako. Nakuambia ili ujue kwamba unapokataa hufanyi jeuri. Unasimama mahali ambapo sheria ilishakuwekea kiti.

Wala usimfukuze mtu huyo. Huenda ana nia njema, na huenda huo ni mkataba anaowatumia wote bila kufikiri. Mjibu kwa adabu, kwa Kifaransa kilichosafishwa na mtu unayemwamini, maneno ya namna hii:

"Bwana, nimesoma mkataba wako kwa makini. Picha hizi ni za filamu yangu ya kwanza ndefu, ninayoiongoza mwenyewe, na siziuzi. Niko tayari kuzungumza nawe juu ya kushirikiana: mimi nibaki mwongozaji, upande wa Kongo uwe mtayarishaji mwenza, na montaji ya mwisho tuipitishe sisi wawili. Ikiwa unachohitaji ni dakika chache za mzee kwa filamu yako nyingine, tunaweza kuandikiana ruhusa ya dakika hizo, kwa filamu hiyo moja, kwa bei ya kila dakika."

Akikubali kuzungumza, dai mambo haya yaandikwe: kwamba filamu isipotengenezwa ndani ya muda mtakaokubaliana, tuseme miaka miwili, haki zote zinakurudia, kwamba nakala kamili ya rashi inabaki kwako siku zote, na kwamba sehemu yako ya mauzo inatajwa kwa asilimia ya kueleweka, si kwa maneno ya "faida halisi" ambayo hakuna anayejua inahesabiwaje. Akikasirika kwa sababu ya maombi ya kawaida kama hayo, shukuru kwamba umemjua mapema.

Sasa suala la Kolwezi, ambalo kwangu ndilo zito.

Watoto kwenye mashimo ni jambo la kweli na linauma, na anayetaka kulifanyia filamu alifanye, kwa muda wake na kwa jina lake. Lakini hebu ona unachoombwa. Unaombwa uiache filamu unayoijua mpaka pumzi ya mzee, ukafanye filamu ambayo mtu mwingine ameshaiona kichwani kabla hujawasha kamera. Tena uende wewe, kwenye machimbo, bila karatasi zake, bila bima yake, ukakutane na walinzi, polisi wa migodi na wenye mashimo. Yeye akipata matatizo ana ubalozi. Wewe una mama na mtoto Katuba. Na wale watoto, nani atawaombea ruhusa? Mzazi aliye mbali, au bosi wa shimo? Uso wa mtoto ukishazunguka dunia haurudi.

Ukitaka siku moja kumfanyia kazi ya kamera Kolwezi, ni sawa kabisa, ni kazi kama kazi nyingine: anakulipa kwa siku, analeta ruhusa za mkoa mkononi, analipa gari na bima, na picha za siku hizo ni zake. Hakuna aibu. Usichanganye siku zake na miaka yako.

Na hilo la kwamba mzee "hauziki", usilimeze. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alionyesha kwenye tamasha la Cannes filamu inayoitwa *Makala*. Ndani yake kuna kijana mmoja anakata mti, anachoma makala, anayapakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka Kolwezi akayauze. Ndiyo filamu nzima. Ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Wasukuma baiskeli hao tunapishana nao barabarani kila wiki, mdogo wangu, na aliyeketi kuwatazama hivyo alitoka mbali. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kazi ya mikono ya mtu mmoja haitoshi. Inatosha ikitazamwa kwa uvumilivu, na wewe uvumilivu unao. Ule mstari wako wa kusimama mbele ya mzee asome midomo umenionyesha kwamba unaona.

Karibu nasi zaidi kuna Kipushi. Marehemu Kiripi Katembo aliutazama mji ule baada ya mgodi kusimama, katika filamu fupi iliyokuwa sehemu ya *Congo in Four Acts*, mkusanyiko wa 2010 uliotoka kwenye kampuni ya Djo Munga kule Kinshasa. Katika mkusanyiko huohuo kulikuwa na kazi za kijana wa Kisangani aliyewahi kusomea udaktari, Dieudo Hamadi. Mfuate huyo nyayo zake, maana ndizo zinajibu swali lako la watu wanaishi na nini. Alianza na filamu fupi. Akaja na ndefu juu ya uchaguzi, 2013. Juu ya wanafunzi wa mtihani wa taifa Kisangani, 2014. Juu ya mama polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, 2017. Juu ya vijana wa maandamano Kinshasa, 2018. Kisha wale waliokatwa viungo katika vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000, waliopanda boti kushuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo ya 2020 iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, na ilikuwa ya kwanza ya Mkongo kufika hapo. Tazama kuanzia 2010 mpaka 2020. Hakungoja filamu moja kubwa imtoe. Kila filamu ilifungua mlango wa ile iliyofuata, watu wake walikuwa wale anaowafahamu, na kamera alishika mwenyewe.

Anayekuambia kwamba anaishi kwa filamu zake tu za hati, muulize vizuri. Wengi, hata walio Brussels na Paris, wanaishi kwa vitu vitatu au vinne vilivyosukwa pamoja: kupiga kamera kwa wengine, montaji, kufundisha vijana, kazi za mashirika, kidogo cha televisheni iliyonunua haki ya kuonyesha, na ruzuku inapopatikana. Ruzuku yenyewe si zawadi ya kununulia kamera. Ni bajeti ya filamu, na ndani ya bajeti hiyo kuna mshahara wa mwongozaji. Wanaoanza wengi wanaufuta mshahara wao ili bajeti ionekane ndogo na ya unyenyekevu. Usifanye hivyo. Wanaosoma bajeti wakiona mwongozaji hajilipi, wanajiuliza atakula nini kwa miaka miwili, na wanahofia filamu haitaisha. Mama yako anauliza swali lilelile, kwa maneno ya bukari.

Ndiyo maana nasema kazi ya shirika ichukue. Dola 700 kwa mwezi, kila mwezi, ni utulivu ambao harusi haziwezi kukupa, na mtu aliyetulia hauzi diski yake kwa njaa. Lakini kabla ya kusaini nenda kwa anayeshughulikia wafanyakazi, umwombe waandike hivi: picha ninazopiga kwa maagizo ya shirika, katika saa za kazi, ni mali ya shirika, kazi zangu binafsi, ikiwemo filamu niliyoianza kabla ya mkataba huu, ni mali yangu. Taja filamu kwa jina lake, hata kama jina ni la muda. Mashirika mengi yanakubali, kwa sababu mstari ule waliunakili tu kutoka mkataba wa zamani. Omba pia kwa maandishi ruhusa ya siku chache za mwaka bila malipo, kwa ajili ya filamu. Na kamera ya shirika usimpige nayo mzee hata dakika moja, hata Jumapili, hata yako ikizima. Siku ya ugomvi dakika hiyo ndiyo watakayoishika. Wakikataa kubadilisha mstari? Hapo mimi ningeacha kazi hiyo, nikatafute ya siku tatu kwa wiki mahali pengine. Najua ni rahisi kwangu kusema. Wewe ndiye mwenye mtoto wa kulisha. Lakini mwaka mzima wa kumpiga mzee picha ambazo si zako ni bei kubwa mno, na mzee naye haongezewi miaka.

Mshahara wa kwanza ukiingia, kabla ya kiatu cha mtoto, nunua diski ya pili. Hapana, kiatu cha mtoto kwanza, diski siku hiyohiyo. Nakili kila kitu, na nakala moja isilale katika lupango lenu, ndani ya ua wenu; ipeleke kwa shangazi, kwa rafiki, ofisini, popote pasipo na paa moja na ya kwanza. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unaua diski bila onyo, na wezi hawajui thamani ya kilichomo.

Mfuko uliokukataa usikuvunje moyo. Mistari miwili ndiyo jibu wanalotuma kwa karibu kila mtu, na filamu nyingi zilizokuja kupendwa zilikataliwa mara kadhaa kwanza. Mara nyingi kinachokataliwa ni faili, filamu yenyewe hawajaiona. Wanataka kuona filamu katika ukurasa mmoja, maelezo ya kwa nini ni wewe wa kuifanya na si mwingine, mpango wa kazi, bajeti, na kionjo cha dakika tatu hadi tano chenye tafsiri chini ya picha. Kionjo ndicho kinachopima. Usikijaze muziki wala maneno ya kueleza Katanga ni nini. Weka mzee anagonga, mjukuu anatazama, na lile bati lililokosekana. Mfuko wa IDFA Bertha, wa tamasha la filamu za hati la Amsterdam, ulioanza 1998 kwa jina la Jan Vrijman, umewekwa kwa ajili ya waongozaji wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mfuko wa picha wa Francophonie, umoja wa nchi zinazotumia Kifaransa, unapokea nchi yetu. Ule wa Ufaransa wa sinema za dunia unataka uwe na mtayarishaji mwenza Mfaransa, na hapo ndipo mtu kama yule wa mkataba wako angekuwa na faida ya kweli, akija kama mwenza. Durban kuna soko la filamu tangu 2010, ambapo watu wanakuja na miradi ambayo haijaisha. Na ukijisikia kurudi shule, chuo kikuu cha Gaston Berger, Saint-Louis, Senegal, kina masomo ya uzamili ya filamu za hati kwa Kifaransa.

Karibu mifuko yote itakuuliza kampuni au chama kilichoandikishwa. Hapa Lubumbashi tunayo ofisi ya dirisha moja ya kuandikisha biashara. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, mtu mmoja anaweza kufungua kampuni yake peke yake. Fanya hivyo mapema, ukiwa huna haraka. Ukiwa na namba ya usajili hata yule wa Ulaya anazungumza na kampuni, hazungumzi tena na fiksa wake wa zamani.

Kuna jambo moja ningependa ulifanye mwaka huu, usingoje ruzuku. Kata filamu fupi kutoka kwenye picha ulizonazo, dakika kumi na tano, ya mzee na mjukuu. Filamu ndefu itakuja. Hiyo fupi ndiyo itakayokuandika kuwa mwongozaji. Iombee kuonyeshwa kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile. Ipeleke kwa watu wa chama cha Picha, wale wenye Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa, tangu 2008, wamezoea kazi za vijana wa hapa. Na kabla ya huko kote ionyeshe Katuba, ukutani, jioni, mzee akiwa amekaa mbele. Majirani watakuambia ukweli kuhusu montaji yako ambao hakuna tamasha litakalokuambia.

Na sasa swali la mzee, ambalo ni la haki kabisa. Usimlipe ili aseme au alie; ukianza hapo, kila atakachofanya mbele ya kamera kitakuwa na bei, na nyote wawili mtakiona. Lakini muda wake una thamani. Siku unazomsimamisha kazi ili upige picha, mfidie kazi aliyoikosa. Mpelekee bati. Nunua kazi zake kwa bei anayomtoza mgeni, si bei ya jirani. Andika karatasi ya ruhusa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na kwa sababu hasikii vizuri msomee ukiwa umesimama mbele yake, mjukuu akiwepo, kisha asaini naye abaki na nakala. Humo mwambie wazi: filamu huenda isiingize kitu, ikiuzwa, atapata sehemu, na uitaje, na kuna mambo ya nyumbani kwake ambayo akikuambia usiyaonyeshe, hutayaonyesha. Mjukuu kama bado ni mtoto, mzazi wake asaini pia, na umuulize na yeye mwenyewe. Mwambie kwamba aliye Ulaya aliziomba picha hizi na ukamkatalia. Ana haki ya kujua kuwa kuna aliyetaka kumnunua pamoja na diski, na huenda hilo likawa jibu la kwanza analolitafuta kutoka kwako.

Yaya